Mishale ya Ramani na Nchi ya Ugogo

Mwanafunzi afunguapo kitabu cha jiografia ya watu, aghalabu hukuta katika kurasa za mwanzo ramani iliyochorwa mishale. Mishale hiyo hutoka pwani. Mmoja huanzia Bagamoyo, hupanda Usagara, hupita Ugogo pasipo kutua, hufika Tabora. Hapo hugawanyika, tawi moja likaenda Ujiji na jingine likaelekea Karagwe na Buganda. Chini ya ramani huandikwa kuwa hivyo ndivyo utamaduni ulivyoenea. Nguo ilikwenda kwa mshale, dini ilikwenda kwa mshale, lugha ya Kiswahili nayo ilikwenda kwa mshale. Nchi iliyo chini ya mti wa mshale haina habari yake yenyewe: ni njia tu, mahali pa kukanyagwa na kuachwa nyuma. Kijana aliyezaliwa Mvumi, au Bahi, au Mpwapwa, huitazama ramani hiyo akapata somo ambalo huenda mwalimu wake hakukusudia kulitoa, kwamba kwao hakukuwa na kitu, na kilichopo kililetwa.

Somo hilo si kweli. Wala si kosa dogo la kusahihishwa kwa wino mwekundu pambizoni, kwa kuwa juu yake yamejengwa mambo mazito: mashamba yaliyokufa, majina ya dharau ambayo watu wa nchi hiyo huitwa mpaka leo mitaani, na sasa mji mkuu wa taifa.

Yafaa kwanza maneno ya elimu hii yaelezwe, kwani udhaifu umejificha ndani yake. Elimu ya jiografia ya watu hutumia neno kitovu kwa mahali jambo lilipozaliwa, liwe zao, chombo, wimbo au ibada. Hutumia neno mtawanyiko kwa mwendo wa jambo hilo kutoka kitovuni hata likafika mbali. Anayelichukua huitwa mchukuzi, na kinachouzuia mwendo wake huitwa kizuizi, nacho chaweza kuwa mlima, jangwa, bahari, vita, au haya ya watu kuiga jirani wasiyempenda. Maneno haya ni mazuri na yana kazi. Lakini msomaji makini ataona upungufu mara moja: yupo atoaye, ipo njia, yupo achukuaye, apokeaye hana jina. Amefichwa ndani ya neno kuenea, kama kwamba utamaduni ni mafuta yaliyomwagika sakafuni.

Mjerumani Friedrich Ratzel, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha jiografia ya watu kwa juzuu mbili mwaka 1882 na 1891, alishikilia kwamba wanadamu si wepesi wa kubuni, na kwamba vitu vinavyofanana katika nchi mbili vyapasa kudhaniwa vimesafiri. Shauri hili halikuwa ovu lenyewe. Liliwafundisha watu kuuliza njia. Ila waliomfuata walilipeleka mahali pengine. Katika Afrika liligeuka kuwa kanuni ya kuwa kila jambo jema likionekana bara, atafutwe mgeni aliyelileta. C. G. Seligman, katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya mataifa ya Afrika, aliandika pasipo kupepesa macho kuwa ustaarabu wa bara hili ulikuwa kazi ya watu aliowaita Wahami, wafugaji waliodhaniwa kutoka kaskazini. Kanuni hiyo imekwisha kukataliwa na wanachuoni. Mishale yake haikukataliwa. Ilibadilishiwa kitovu tu, ikaacha kutoka kaskazini, ikaanza kutoka baharini.

Ajabu ni kwamba elimu hii hii ina dawa yake. Mswidi Torsten Hägerstrand alichapisha mwaka 1953 uchunguzi wake juu ya jinsi mambo mapya yalivyoenea kwa wakulima wa nchi yake, mojawapo likiwa kuwapima ng'ombe kifua kikuu. Aliona kuwa jambo halienei kwa sababu limefika. Huenea mkulima anapomwona jirani yake amelikubali, akazungumza naye, akapima hasara na faida, akaridhika. Na wengi hukawia au hukataa kwa sababu zao wenyewe. Kwa hiyo mpokeaji ni nusu ya habari, na pengine zaidi ya nusu. Somo la Mswidi husomwa vyuoni kwa heshima. Lakini mwenye ng'ombe wa Uswidi akipewa akili ya kuchagua, kwa nini mwenye ng'ombe wa Ugogo anyimwe? Wenye mishale hawajalijibu swali hilo, kwa kuwa hawajapata kuliuliza.

Na itazamwe nchi yenyewe. Uwanda wa kati wa Tanzania, ambao Dodoma ni mji wake mkuu, umeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, toka Desemba hata Aprili, nayo katika mwaka wa kawaida ni kama milimita 500 au 600. Tena haina ahadi, kwani yaweza kunyesha karibu yote katika majuma machache, au ikanyesha kijiji hiki na kuruka kile. Mito mingi ni ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka mtu huivuka na viatu vyake miguuni, na maji huwa chini, hayapatikani ila kwa kuchimba. Upande wa mashariki misafara ya zamani ilikutana na nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, baada ya kuondoka Chunyu, ambako maji yake yenyewe yalikuwa ya chumvi kama jina linavyosema. Upande wa magharibi kulikuwa na pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, la safari ya siku nyingi. Baina ya nyika hizo mbili ndipo walipokuwapo Wagogo, na visima vyao, na mtama wao, na uwele wao, na mifugo yao. Mtu mwenye jicho la jiografia haoni njia hapo. Huona mlango, na penye mlango hapakosi bawabu.

Bawabu huyo alitoza, na malipo yake yakaitwa hongo. Richard Burton alipopita Ugogo mwaka 1857, na Henry Stanley alipopita mwaka 1871, wote wawili walijaza kurasa kwa malalamiko juu ya hongo: nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba zilizodaiwa na mtemi mmoja baada ya mwingine. Vitabu vyao vilichapishwa, vikasomwa Ulaya, na Mgogo akaingia katika maandishi ya dunia kama mnyang'anyi wa njiani. Lakini alikuwa akiuza nini? Msafara wa watu mamia, pengine wa maelfu, ulikuwa ukinywa maji ya visima ambavyo haukuvichimba, katika nchi ambako kisima kikikauka Agosti hakijai tena mpaka Desemba. Ulikuwa ukinunua nafaka ya akiba kwa watu wasiojua kama mwakani watavuna. Kila debe lililoinuliwa na mpagazi lilikuwa debe lililotolewa kinywani mwa ng'ombe wa mtu fulani. Bei ya kitu hicho ingaliwekwaje? Katika bandari za dunia nzima meli hulipa ushuru wa gati, na wala nahodha haandiki kitabu cha kulaani mji.

Hapa pana jambo la lugha linalostahili kuzingatiwa na wanafunzi wa Kiswahili. Katika siku za misafara neno hongo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Leo maana yake ni rushwa, fedha ya siri apewayo mtumishi ili apotoshe haki. Neno moja limetembea toka malipo ya halali ya maji na chakula hata likafika katika uovu ushitakiwao mahakamani. Nani alilitembeza? Lilisafiri katika vinywa vya waliolipa, si vya waliolipwa. Na Kiswahili kilichoenea toka pwani mpaka Kongo kiliyabeba manung'uniko ya mfanyabiashara kana kwamba ni fasiri ya neno. Huo nao ni mtawanyiko wa utamaduni. Hakuna ramani ya shule iliyochora mshale wake.

Ikafika karne ya pili, jina likageuka. Mnyang'anyi akawa ombaomba. Yeyote aliyekaa Dar es Salaam amesikia mzaha huo juu ya Wagogo, na wengi waucheka bila kujua kuwa wanacheka makaburi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao majeshi ya Waingereza, yalichukua Ugogo ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosa. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, toka mwaka 1917 hata 1920, ikaua watu kwa makumi ya maelfu, na baada yake maradhi yakachukua wengine. Wagogo walikuwa na njia yao ya kukabili mwaka mbaya, na Kiswahili kina neno lake: kuhemea. Mtu mwenye njaa aliondoka kwake akaenda kwa jamaa, au kwa mwenye kudaiwa naye ng'ombe, au kwa rafiki wa nchi iliyopata mvua, akarudi na nafaka. Mwaka wa pili mvua ikigeuka, yule mwenye kutoa naye alikuja kuhemea. Huo ulikuwa utaratibu wa bima katika nchi isiyo na ahadi ya mawingu, na watu wenye mito ya kudumu hawakuuhitaji. Mtu huyo huyo akihemea katika mji ambao hana jamaa, wala hana ng'ombe aliyemkopesha mtu, mkono wake huonekana mkono mtupu. Mwaka 1871 aliitwa mkali kwa kuwa alidai. Baadaye akaitwa mnyonge kwa kuwa aliomba. Ukame ni ule ule, na maarifa ya kuishi nao ni yale yale; waliobadilika ni wasimuliaji.

Itasemwa kwamba mambo hayo ni ya uchumi, nayo hayahusu uenezi wa utamaduni. Basi na iangaliwe nyumba, ambayo kila mwanajiografia hukubali kuwa ni alama ya utamaduni. Nyumba ya uwanda wa kati ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la magogo, fito na udongo mzito, vyumba vimezunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Tembe haikuwa ya Wagogo peke yao. Imejengwa na Wanyaturu, Warangi, Wasandawe, Wahehe na wengine ambao baadhi ya lugha zao hazina hata undugu. Palipo na mvua haba paa bapa halina hofu kubwa. Palipo na miti mifupi nyumba ndefu haijengeki. Palipo na jua kali mchana na baridi usiku udongo mzito hufanya kazi ambayo bati haliwezi kuifanya. Si kwamba ukame uliijenga. Wamasai walikaa katika ukame ule ule wakajenga manyatta. Watu walichagua, wakajifunza kwa jirani, wakaacha walichokiona hakifai.

Na wageni walipofika, nani alimwiga nani? Nje ya Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, nayo sasa ni jumba la makumbusho. Ilikuwa nyumba ya wafanyabiashara wa pwani. Jina lake mpaka leo ni tembe. Watu waliotoka katika mji wa mawe wa Unguja, wenye fedha na mafundi, walijenga kwa mtindo wa bara, wakalitia neno tembe katika Kiswahili chao. Mshale huo waenda mashariki, nao ni mnene wa kutosha kuonekana na yeyote ambaye hakufumba macho.

Haki yataka isemwe pia kuwa tembe ina aibu zake. Ni giza, hujaa moshi, mvua ya siku tatu mfululizo huifanya ivuje, na katika udongo wake hukaa papasi, ambaye homa yake imewasumbua watu wa Dodoma miaka mingi. Wenyeji wanayajua hayo kuliko mhubiri yeyote wa nyumba bora. Lakini wakati wa kuhamishia watu vijijini, ulioanza Dodoma mapema katika miaka ya 1970, tembe haikupingwa kwa ajili ya papasi. Ilipingwa kwa kuwa ni ya kizamani, na bati likasifiwa kwa kuwa ni la kisasa. Hiyo si hoja ya afya wala ya ujenzi. Ni mshale wa ramani umegeuka kuwa amri.

Kosa la pili la wenye mishale ni kudhani kuwa kila kabila ni chombo kilichofungwa, chenye utamaduni wake ndani, kikingoja kumiminiwa wa kutoka nje. Koo nyingi za Wagogo husimulia kwamba asili yao ni kwingine: Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na penginepo. Katika mapambo, katika silaha na katika mambo ya ng'ombe walichukua mengi kwa Wamasai, ambao walikuwa wakipigana nao. Utamaduni huo basi haukushuka na kabila moja lililosafiri likiwa kamili. Uliundwa hapo hapo, na watu waliokuja kwa njia mbalimbali wakakubaliana jinsi ya kuishi mahali pagumu. Kaskazini zaidi, katika nchi ya Kondoa na Chemba, jambo hili ni la ajabu zaidi: hukaa karibu karibu Warangi wasemao lugha ya Kibantu, Waburunge na Waalagwa wenye lugha za Kikushi, Wadatoga wa asili ya Niloti, na Wasandawe ambao lugha yao ina sauti za kudodosa ulimi. Pako mahali pachache sana katika Afrika penye mkutano kama huo. Kirangi, katika nyakati fulani za kitenzi, hutanguliza kitenzi kikuu na kuweka kisaidizi nyuma, kinyume cha desturi ya lugha za Kibantu, na wako wataalamu waonao hapo alama ya ujirani na Wakushi. Juu ya majabali ya nchi hiyo hiyo iko michoro ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na ambayo tangu 2006 imo katika urithi wa dunia. Mingine ni ya wawindaji wa kale, mingine ni ya wakulima waliokuja nyuma, na mahali pengine wenyeji huendelea kufanya matambiko yao. Nchi kama hiyo yawezaje kuitwa pembezoni? Pembezoni mwa nini?

Hata hivyo mpinzani ana haki ya kujibu, na jibu lake si jepesi. Atasema kwamba Kiswahili kilitoka pwani, na Uislamu wa Kondoa ulipanda na misafara. Kwamba Wakristo wa Mpwapwa na Mvumi walihubiriwa na watu waliovuka bahari. Kwamba reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 ilianzia Dar es Salaam, wala haikuanzia Dodoma. Yote hayo ni kweli, na mtu anayeyakana kwa ajili ya kujipendekeza kwa wenyeji hana haja ya kusikilizwa. Hoja si kwamba hapana kilichotoka pwani. Hoja ni kwamba kitu kikifika hakibaki kama kilivyotoka, na kwamba hurudi.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ihumwa, karibu na Dodoma. Kiswahili kilimfikia kwa mshale, kama vitabu visemavyo. Mwaka 1954 alichapisha kwa lugha hiyo historia na mila za Wagogo, kitabu cha mtu aliyekataa kuyaacha mambo ya kwao yaandikwe na wapita njia. Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, akatoa ngonjera: mashairi ya majibizano yasomwayo jukwaani na watu wawili au zaidi, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, hata ujinga ukashindwa mbele ya hadhira. Washairi wa pwani walikuwa na majibizano tangu zamani, na Mnyampala hakuficha kuwa aliketi katika shule yao. Lakini majibizano yao yalikuwa ya magwiji kwa magwiji. Yeye aliyatoa barazani, akayaweka mdomoni mwa mtoto wa shule. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilienea bara na visiwani, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilipotoka katika miaka ya mwanzo ya 1970, Mnyampala akiwa amekwisha kufariki mwaka 1969, hapakuwa tena na sherehe ya shule isiyokuwa nazo. Watoto wa Bagamoyo na wa Unguja, ambao mababu zao wanasemekana kuwapelekea Wagogo lugha, walisimama wakaisema lugha hiyo kwa mtindo wa Mgogo. Kama huo si mtawanyiko wa utamaduni, neno hilo halina maana.

Wala ngonjera si peke yake. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Dodoma, alichukuliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere kwa ajili ya sauti yake, zeze lake na ilimba yake. Kisha akakaa Bagamoyo miaka mingi akifundisha katika Chuo cha Sanaa, mpaka alipofariki mwaka 2003. Muziki wa Wagogo huenda kwa sauti nyingi kwa pamoja, na ngazi yake hufuata sauti za asili ambazo uzi mmoja ukipigwa huzitoa wenyewe. Ulipigwa katika majukwaa ya Ulaya, Marekani na Japani. Lakini neno lenye kustahili kukumbukwa zaidi ni Bagamoyo. Katika mji ule ule ambako mishale yote ya ramani huanzia, vijana wa makabila yote ya Tanzania walikaa chini kujifunza zeze kwa mtu wa Ugogo.

Mtu asiyepewa nafasi ya kupokea hutendewa namna nyingine, na Ugogo ina mfano wake mkubwa. Karanga zilitoka Amerika ya Kusini, zikafika Afrika katika merikebu za Wareno, na hata Ugogo zikafika. Wakulima walizipanda kwa kiasi walichoona mvua itakibeba, kando ya mtama na uwele, na katika mwaka mwema waliuza kwa wafanyabiashara. Hivyo ndivyo zao linavyoenea. Mwishoni mwa mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa italima karanga Tanganyika na katika nchi za jirani katika zaidi ya ekari milioni 3, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Zililetwa trekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Udongo wa Kongwa ulisaga majembe wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama sakafu, karanga zikabaki ndani. Januari 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Waliolima hapo kabla ya hapo wangaliweza kuyasema mambo ya udongo huo pasipo malipo yoyote, lakini hawakuwa na mahali katika mpango. Na mpango, kama ramani, ulikuwa na kitovu na mshale tu. Katika vitabu kisa hiki huitwa kosa la kilimo. Kwa haki kingefaa kuwekwa katika sura ya uenezi wa utamaduni, kiwe mfano wa kwanza.

Hayo yangaliweza kuachwa kwa wanahistoria lau si mji mkuu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yatoke Dar es Salaam yaende Dodoma, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba Dodoma ni katikati ya nchi. Ramani ya mji ilitayarishwa na kampuni ya Kanada mwaka 1976. Uhamisho ulikawia miaka arobaini na zaidi. Ukaanza kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mabadiliko hayo yalitangua uamuzi mkubwa wa wakoloni wa kutazama nchi kutoka gatini, nayo yanastahili sifa. Ila katika maneno mengi yaliyosemwa tangu wakati huo, Dodoma husifiwa kwa uwazi wake: ardhi ni nyingi, ni tambarare, haina kitu. Katikati ya ramani pamekuwa kama katikati ya sinia tupu. Mji hupelekwa Dodoma. Haiulizwi Dodoma ina nini cha kuupa mji, katika kujenga kwa udongo mzito penye joto la mchana na baridi ya usiku, katika kuweka akiba ya mwaka wa pili, katika kukaa pamoja watu wa asili nyingi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kimesimama juu ya vilima vya Wagogo, na tangu 2024 wanafunzi hufika kwa treni ya umeme, wakipita kwa saa chache njia ambayo mpagazi aliitembea kwa majuma. Huko darasani wanaweza kukutana tena na ile ramani, na mshale unapita juu ya paa la darasa lao ukielekea Tabora.

Na suala la maji liko pale pale. Jiji la Dodoma hunywa hasa maji yachimbwayo Makutupora, kaskazini mwa mji, chini ya ardhi, kama Wagogo walivyoyatafuta siku zote. Kila mwezi nyumba zenye bomba huletewa ankara, nazo hulipa kulingana na kile kilichopimwa na mita, watumishi, wabunge na mabalozi bila tofauti. Malipo hayo hayaitwi hongo, na hakuna msafiri aliyechapisha kitabu London kuyalaani.